Kibodi ya kilo mbili

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka nyumbani Makorora, na aliyepiga alikuwa shangazi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za watoto, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, kibodi yangu imeuzwa kilo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia, na safari hii sauti ilikuwa imebadilika.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilinipandisha basi la Tanga asubuhi ya siku iliyofuata, kwanza nikueleze shangazi yangu ni nani. Shangazi alikuwa mpiga chapa. Alianza kazi akiwa binti katika ofisi moja ya mashamba ya mkonge, mezani kwake kukiwa na taipureta ya Olympia yenye uzito wa kumshinda mtoto kuinyanyua. Wapiga chapa wa enzi zile walifundishwa kuandika bila kutazama vidole. Mwalimu alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa, na aliyechungulia alianza ukurasa upya. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, aliyenifundisha kupiga chapa si chuo, alikuwa yeye, wakati wa likizo, barazani kwake.

Kompyuta haikufika mapema ofisini kwao, na sababu yake inajulikana. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hesabu za Serikali zilizofanywa kwa kompyuta kuleta vurugu, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Masharti yalilegezwa baadaye, kidogo kidogo. Matokeo yake ni kwamba taipureta ilitawala ofisi zetu muda mrefu kuliko ilivyotawala kwa wenzetu, na kompyuta zilipoanza kuingia, nyingi zilikuja zikiwa zimekwishafanya kazi Ulaya. Ndiyo maana mpaka leo ukifungua stoo za ofisi za zamani hapa pwani unakuta kibodi za miaka ya themanini na tisini zilizotoka Uingereza. Utazitambua kwa alama ya pauni juu ya tarakimu 3.

Moja ya hizo ndiyo aliyopewa shangazi. Ofisi ilipofungwa, wafanyakazi waligawiwa samani na vyombo badala ya sehemu ya haki zao. Wengine walipata viti, wengine makabati. Shangazi alipata kompyuta. Akaiweka barazani kwake Makorora na kufungua steshenari: barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha nyumba, ratiba za maulidi, kadi za harusi. Kompyuta yenyewe ilikufa, ikanunuliwa nyingine, nayo ikafa. Kibodi ilibaki ileile.

Kisha presha ya macho ikamshika. Sasa ni mwaka wa sita haoni. Lakini, ndugu msikilizaji, kazi hakuacha. Mteja anakaa kwenye kiti, anasema shida yake, shangazi anaandika. Mjukuu wake wa kike, ambaye yuko sekondari, anasoma kilichoandikwa kwa sauti, kinarekebishwa palipo na kosa, kinachapishwa. Makosa huwa machache kuliko ya wengi wetu tunaoona.

Mwezi uliopita alikuja likizo mjukuu mwingine, wa kiume, kutoka Dar es Salaam. Kijana mwema. Akaona bibi yake anatumia kidude kizito, kimegeuka rangi, kinapiga kelele mtaa mzima. Akamnunulia kibodi mpya, nyembamba, nyeusi, isiyo na sauti. Ile ya zamani akampa mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Ikapimwa: kilo mbili na kitu. Akapewa shilingi 1,500, na hizo shilingi 1,500 akamletea bibi yake.

Kesho yake akaja mteja wa barua. Shangazi akaandika kama kawaida. Mjukuu wa kike alipoanza kusoma, karatasi ilisema "Ndgu Mkurgenzi". Wakaanza upya. Ikawa "Nndugu Mkurugenz". Mteja akaaga kwa heshima, akaenda kwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Kibodi nyembamba tulizozizoea zina kipande cha mpira chini ya kila herufi, mfano wa kikombe kilichofunikwa. Ukibonyeza, mpira unabonyea mpaka chini, na huko chini kabisa ndiko mguso wa umeme unakofanyika. Kidole hakipewi taarifa ya uhakika. Mwenye macho anatazama kioo, haimpi taabu. Asiye na macho anabaki kubahatisha: je, herufi imeingia au haijaingia?

Kibodi ya shangazi ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa IBM, ya aina iitwayo Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Chini ya kila herufi kuna springi ndogo iliyosimama ndani ya kitundu. Chukua ufito mwembamba wa mwanzi, usimamishe sakafuni, uukandamize kwa kiganja. Unavumilia, unavumilia, kisha ghafla unajipinda ubavuni. Springi ile hufanya hivyohivyo. Inapojipinda hupiga ukuta wa kitundu chake, na huo ndio mlio unaosikia. Wakati huohuo hutikisa kipande kidogo cha chini, kipande hicho kinagusanisha nyaya, na herufi inaingia. Mlio na herufi vinatoka pamoja. Ukisikia "tak", imeingia. Usiposikia, haijaingia. Hati ya ubunifu wa utaratibu huo ilitolewa Marekani mwaka 1978 kwa Richard Harris wa IBM, na kampuni ile ilikuwa ikiwalenga watu kama shangazi yangu, waliotoka kwenye taipureta na wenye vidole vilivyozoea kujibiwa.

Kwa hiyo kijana hakuuza chuma. Aliuza masikio ya bibi yake. Wala simlaumu, maana hata mimi siku hiyo sikuwa najua kwa hakika nakwenda kutafuta nini.

Niliikuta yadi ya skrepa mchana, jua limekaza. Mwenye yadi, kijana wa makamo, alinipokea vizuri. Nikamweleza natafuta kibodi ya kompyuta, ya zamani, rangi ya maziwa. Akacheka. Akanielekeza nyuma ya banda. "Kaka, ziko pale. Chagua."

Zilikuwa kama arobaini, zimerundikwa kama dagaa, na zote zilipata kuwa rangi ya maziwa. Nyaya zote zilikuwa zimekatwa. Pembeni kulikuwa na majivu, na harufu ile ya plastiki iliyochomwa ilikuwa bado inaning'inia hewani, maana vijana huchoma nyaya ili wapate shaba. Moshi ule ni sumu, na walio karibu nao ni watoto. Nitalizungumza jambo hilo siku nyingine kwa urefu wake.

Nikampigia simu fundi mmoja wa kompyuta hapo Tanga, mtu wa zamani, ambaye amefungua na kufunga vyombo hivi tangu vilipoanza kuingia. Akanielekeza kwa simu, mimi nikiwa nimechuchumaa juani. Aliyonifundisha nakupa na wewe, kwa sababu huenda una chombo kama hicho juu ya kabati.

Kwanza, nyanyua. Kibodi ya mpira ni nyepesi, unaishika kwa vidole viwili. Iliyojengwa kwa swichi halisi kwa kawaida ina bati la chuma ndani, na Model M inapita kilo mbili. Kwa kunyanyua tu nilibakiwa na saba katika zile arobaini.

Pili, usidanganywe na jina. Kati ya zile saba, mbili zilikuwa na nembo ya IBM. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha, nimebakiza kuchagua. Fundi akaniambia nibonyeze. Moja ililia. Nyingine ikabonyea kimya kimya, kama unabonyeza andazi. IBM hiyohiyo, katika miaka ya tisini, iliuza pia kibodi za mpira zenye sura inayokaribia kufanana na zile za springi, kwa ajili ya ofisi zilizotaka utulivu. Kwa nje zinapishana kidogo sana.

Tatu, geuza usome. Mgongoni pana karatasi ya kiwandani. Ile iliyolia ilikuwa imepakwa vumbi na mafuta. Nikaisugua kwa shati. Ikatokea namba 1391406, na tarehe ya mwaka 1990. Fundi akaguna kwa furaha. Akasema namba hiyo ni ya Model M ya mpangilio wa Uingereza, yenye vitufe 102, na kwamba za Ulaya zilikuwa zikitoka kiwanda cha Greenock, Scotland. Za Marekani zilitoka Lexington, Kentucky, na namba yao maarufu ni 1391401. Ukiona jina la Lexmark kwenye karatasi ya mgongoni, ujue ni ya kuanzia mwaka 1991, kiwanda kilipokwisha kutengwa na IBM.

Nne, ng'oa kofia ya kitufe kimoja. Hapa ndipo siri yote ilipo, na usiogope, kofia hutoka kwa kuvutwa juu taratibu na kurudi kwa kukandamizwa. Kwenye ile IBM niliona chini ya kofia shina jeupe, na nilipolitoa hilo, springi ikanitazama kutoka kitunduni. Lakini zile nyingine zilikuwa na mambo yao. Mbili zilikuwa na kijishina chenye umbo la msalaba, cheusi. Hizo, fundi akasema, ni swichi za Cherry, kampuni ya Kijerumani, zilizoanza katika miaka ya themanini, na rangi ya msalaba ndiyo inayokuambia tabia yake. Nyeusi huteremka laini bila kituo wala mlio. Bluu hulia. Kahawia ina kikwazo kidogo katikati ya njia lakini hailii. Kibodi za kampuni hiyo huandikwa mgongoni herufi G na namba: G80 ni za msalaba, na G83 ni za mpira, ingawa kwa nje ni kama ndugu. Alama nyingine ni rangi. Mara nyingi katika hizo za msalaba herufi zote hubaki safi, lakini kile kitufe kirefu cha nafasi kinageuka manjano kama samli, kwa sababu kilifanywa kwa plastiki ya namna nyingine.

Moja ilikuwa ya Dell, ya katikati ya miaka ya tisini. Nilipong'oa kofia sikuona msalaba, niliona kijitundu cha mstatili. Hiyo ni swichi ya Alps, ya Kijapani. Nayo ilikuwa nyeusi. Nikasema, basi ni laini kama ile ya Kijerumani. Fundi akanikatiza: la, hapo ndipo wengi wanapokosea. Nyeusi ya Cherry ni laini, nyeusi ya Alps ina kigugumizi njiani. Rangi husomwa baada ya kujua kabila, akasema. Mbili zilizobakia kati ya zile saba zilikuwa za mpira tu, uzito wake ulitokana na maji ya mvua na mchanga.

Aliniuliza pia kama kuna yoyote yenye vitufe kumi vya F vilivyopangwa upande wa kushoto badala ya juu. Haikuwepo. Hizo ni za zamani zaidi, za mwaka 1981 na miaka michache iliyofuata, na kwa mujibu wake ndizo ngumu kuliko zote, ila haziongei na kompyuta za sasa bila kuwekewa mkalimani. Sifongo iliyo ndani yake nayo huoza, na kwetu pwani huoza upesi.

Nikamwuliza mwenye yadi bei ya ile IBM, ile Dell na zile Cherry mbili. Akaziweka kwenye mizani! Sikusema neno. Sikumwambia kwamba huko nje wapo watu wanaozikusanya, na kwamba Model M iliyo nzima huweza kuuzwa dola 100 au zaidi. Jambo hilo limenisumbua tangu siku ile, nalikiri mbele yenu. Nilikuwa nimekwenda kumlaumu mtu kwa kununua asichokijua, nami nikanunua kwa kumnyamazia. Nilirudi siku ya pili, nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, tukakaa juu ya matairi karibu saa nzima tukigeuzageuza yaliyobaki. Sasa anazitenga. Amezitundika ukutani tatu.

Tulifika barazani alasiri. Shangazi alikuwa amekaa mkekani. Nikamwekea mapajani ile ya kwanza, Cherry, bila kusema kitu. Akapitisha vidole, akatafuta vile vinundu vidogo vya F na J ambavyo humwonyesha mpiga chapa mahali pa kuweka vidole vya shahada. Akaandika sentensi nzima hewani. "Hii nzuri," akasema, "lakini bubu."

Nikampa ya Dell. Akaandika. Akatikisa kichwa. "Hii inasema, ila inasema kwa kunong'ona."

Nikampa ile IBM. Hakuiandika. Aliigeuza kwanza, akapapasa chini, upande wa kushoto. Mkono wake ukasimama. Mle mgongoni nilikuwa nimeona kipande cha mpira wa bluu kimegandishwa kwa gundi, nikadhani ni uchafu wa yadini. Kumbe mguu mmoja wa kibodi ulivunjika miaka mingi iliyopita, na shangazi alikata kipande cha kandambili ya marehemu mume wake akakibandika ili isiyumbe.

Akaigeuza tena, akaweka vidole mahali pake, akaandika. Majirani walisikia. Mama mmoja wa nyumba ya pili akapaza sauti kutoka uani kwake, "Bibi, umerudi kazini?"

Bado, ndugu msikilizaji. Maana kibodi tunayo, waya hatuna.

Fundi alikuja jioni ileile. Akaifungua, inahitaji spana ya boksi ya milimita 5.5, nyembamba, tukaazima kwa fundi baiskeli, na mtu asiyepata fundi baiskeli Tanga huyo hajatafuta. Ndani alikuta kutu kidogo juu ya bati, na vishikizo vya plastiki vinavyoshikilia bati hilo, kadhaa vikiwa vimekatika kwa uzee. Ni ugonjwa wa kawaida wa aina hii. Akaweka skrubu ndogo mahali pa vilivyokatika. Springi zote zilikuwa nzima, miaka zaidi ya thelathini, kwenye hewa ya chumvi.

Kisha akatuonyesha nyuma. Katika Model M nyingi za wakati ule waya haukugandishwa ndani, unachomekwa na kuchomolewa. Hiyo ni bahati yetu, kwa sababu waya uliokatwa na kuchomwa yadini unaweza kupatiwa badala yake bila kugusa kibodi. Kile kisanduku kidogo cha kugeuza, kinachoiwezesha kibodi ya zamani kuingia kwenye tundu la USB, kilibaki mezani salama, kijana hakujua ni cha nini. Ninakutahadharisha hapa: si kila kigeuzi cha dukani kinafaa. Vile vya bei ndogo ambavyo ni plagi mbili tu zilizounganishwa havifanyi kitu. Panahitajika chenye akili ndani yake, kinachotafsiri.

Kwa hiyo leo naomba msaada wako. Waya tunaoutafuta ni mnene kidogo, mara nyingi umejikunja kama waya wa simu ya mezani. Ncha moja ni ya duara, yenye pini sita ndani. Ncha ya pili ndiyo ya kuitambua: ni ya plastiki, bapa, mfano wa plagi ya simu ya mezani lakini pana zaidi, na ina ulimi wa kubana pembeni. Huenda uko ndani ya boksi stoo kwenu, umefungiwa pamoja na vikorokoro ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi. Kabla hujamwita mwenye mkokoteni, angalia. Ukiupata, uache mapokezi hapa kituoni kwa jina langu, nami nitaupeleka Makorora siku hiyohiyo. Barua ya yule mteja bado haijaandikwa, na amesema anasubiri.